Nilivyoachana na blogu niliyoiandikia miaka minne

Ujumbe uliingia usiku, nikiwa nimeshafunga kompyuta. "Mdogo wangu, naondoka mwisho wa mwezi. Blogu imeuzwa. Watakutafuta."

Aliyeandika alikuwa mhariri wangu, mtu pekee niliyemjua kwenye kazi ile. Kwa miaka minne nilikuwa nikimpelekea makala mbili kila wiki za mambo ya nyumbani: namna ya kunoa kisu, kuziba bomba linalovuja, kutoa doa la wino kwenye shati, kuondoa unyevu kabatini. Hatukuwahi kuonana uso kwa uso. Hata hivyo alijua kwamba Jumatatu siandiki, alijua navichukia vichwa vya habari vyenye alama ya mshangao, na ankara yangu aliipeleka kwa wahasibu siku ileile aliyoipokea.

Shida ni kwamba hayo yote aliyajua yeye peke yake.

Usiku ule nilifungua kompyuta tena nikatafuta mkataba wangu. Nilichokipata ni barua pepe moja ya mistari minane. Ilitaja malipo kwa kila makala na siku ya kuwasilisha, basi. Haikusema hakimiliki ni ya nani, wala kama mtu anaweza kubadilisha maandishi yangu bila kuniuliza, wala notisi ni ya siku ngapi. Mengine tulikuwa tumekubaliana kwa maneno, moja baada ya jingine, kila jambo lilipojitokeza. Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo niliwahi kuiweka kwenye makala yangu mwenyewe kuhusu kuhifadhi risiti za vifaa vya nyumbani. Naam.

Uongozi mpya ulituita waandishi wote kwenye kikao cha video cha dakika ishirini. Walikuwa wachangamfu, wakatusifu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nikajiambia. Wiki moja baadaye ukaja mwongozo mpya wa kurasa 14. Badala ya makala mbili za maneno 1,200, sasa zitakiwe tano za maneno 600. Malipo ya kila makala yakatwe nusu. Mwandishi atafute picha mwenyewe, apange maneno ya utafutaji mwenyewe, apakie mwenyewe.

Nilijaribu kusema jambo kwenye kikao kilichofuata. Nikawakumbusha kwamba mwaka 2011 Google ilifanya mabadiliko yaliyojulikana kama Panda, yaliyozishusha kwenye matokeo ya utafutaji tovuti zilizojaa makala nyingi nyepesi, na kwamba Agosti 2022 ilileta mabadiliko mengine yaliyolenga maandishi yanayotungwa kwa ajili ya mashine kuliko msomaji. Meneja alinisikiliza kwa adabu, akasema wao wanafuata takwimu. Sikuendelea. Blogu ni yao, wamenunua, wana haki ya kuiendesha watakavyo. Hilo nilipaswa kulikubali mapema kuliko nilivyolikubali.

Mwanzoni hesabu ilinidanganya. Makala tano za nusu malipo ni sawa na makala mbili na nusu za zamani, kwa hiyo mapato ya wiki yaliongezeka kwa robo. Hata idadi ya maneno iliongezeka kwa robo hiyohiyo, kutoka 2,400 hadi 3,000. Kwenye karatasi hakuna aliyeonewa. Lakini nilikuwa nachoka kwa namna ambayo sikuwahi kuchoka, kwa hiyo nikawasha saa na kujipima kwa wiki mbili. Makala ndefu ya zamani ilinichukua saa sita. Makala fupi ya sasa ilinichukua saa tano, kwa sababu utafiti haupungui nusu eti kwa kuwa maneno yamepungua nusu. Ukitaka kueleza kwa nini zege linapasuka, ni lazima ulielewe zege lote. Juu ya hapo kuna picha na kupakia. Saa 12 za kazi kwa wiki zimekuwa 25. Malipo ya saa moja yalikuwa yameshuka kwa asilimia 40, na mimi nilikuwa nimeshukuru kwa nyongeza.

Hata hivyo si hesabu iliyonitoa. Ningevumilia, najijua.

Kilichonitoa ni makala ya madoa. Ilikuwa ya zamani, moja ya zile walizoanza kuzifupisha ili ziendane na mwongozo. Niliikuta kwa bahati, nikitafuta kiungo cha kuweka kwenye makala nyingine. Toleo langu lilikuwa na njia mbili: siki kwa aina fulani za madoa, na dawa ya klorini kwa nguo nyeupe. Katikati yake kulikuwa na aya nzima ya onyo kwamba viwili hivyo havichanganywi kamwe. Siki ikikutana na dawa ya klorini hutoa gesi ya klorini, na dawa hiyohiyo ikikutana na amonia hutoa gesi za kloramini. Zote huunguza koo na mapafu, na bafu dogo lisilo na dirisha linatosha kumlaza mtu hospitali. Katika toleo lililofupishwa, onyo halikuwepo. Njia zangu mbili zilikuwa zimegeuzwa hatua ya tatu na hatua ya nne, zikifuatana, bila hata neno la kusuuza nguo katikati. Na juu yake, jina langu na picha yangu nikitabasamu.

Mikono ilinitetemeka. Niliandika barua pepe kwa mhariri mpya muda uleule. Akajibu kesho yake kwamba makala za maneno 600 hazina nafasi ya maelezo ya pembeni. Nikaandika tena, safari hii sikueleza mengi: nikamwambia msomaji atakayefuata hatua hizo anaweza kudhurika, na nikaomba onyo lirudi au jina langu litoke. Jioni onyo likarudi, sentensi moja, mwishoni kabisa.

Usiku huo nilisoma kuhusu hakimiliki kuliko nilivyosoma miaka yote minne. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 una ibara, 6bis, iliyoongezwa Roma mwaka 1928, inayompa mwandishi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi na haki ya kupinga kuharibiwa kwake kunakomvunjia heshima. Nikafurahi, kisha nikasoma zaidi nikapoa. Kila nchi huitekeleza kwa namna yake, na kampuni nyingi humtaka mwandishi akubali kwa maandishi kutoitumia haki hiyo. Mimi sikuwa nimekubali lolote kwa maandishi, wala wao hawakuwa wameahidi lolote. Ilikuwa ni neno langu na kimya chao.

Hapo niliamua kuondoka. Ila niseme ukweli, nilikaa miezi mitatu zaidi. Karibu asilimia 70 ya kipato changu ilitoka kwenye blogu ile, na kuondoka kwa hasira kungekuwa ni kujikata mguu ili nimkomeshe mwenye kiatu. Nilijiwekea sharti: sitatoa notisi mpaka sehemu yao ishuke chini ya nusu. Nikaomba wateja wawili wa zamani kazi ndogondogo, nikapata mmoja mpya, nikawaambia uongozi kwamba kwa wiki nitaweza makala tatu tu. Ajabu, hawakulalamika. Huenda hawakuhesabu.

Katika miezi hiyo nilifanya kosa moja ambalo bado linanitia aibu. Tulikuwa na kundi la waandishi kwenye simu, na siku moja niliweka humo mzaha wa kejeli kuhusu meneja na kurasa zake 14. Baada ya saa chache meneja aliniandikia, kwa upole kabisa, akiuliza kama kuna jambo ningependa tulizungumze ana kwa ana. Kumbe mmoja wetu alikuwa ameshapandishwa cheo, na bado yumo kundini. Nilimwomba radhi meneja. Alinisamehe, au alisema amenisamehe. Tangu siku hiyo, kinyongo changu nilikiandika kwenye daftari la karatasi.

Maandalizi yenyewe niliyafanya polepole, jioni baada ya jioni. Kwanza nakala. Nilikuwa na makala karibu 380 mtandaoni na sikuwa na hata moja mikononi mwangu katika sura iliyochapishwa. Nilikuwa na rasimu tu, nyingine bila hata kichwa. Nikahifadhi kila ukurasa kama PDF, na zile ninazojivunia nikaziingiza pia kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, ambayo humruhusu mtu yeyote kuomba ukurasa uhifadhiwe kama ulivyo siku hiyo. Kazi hii ni ya kuchosha na haina raha yoyote. Takwimu za wasomaji na orodha ya anwani zao sikugusa, ingawa niliziona kila nilipoingia. Hizo ni mali ya mwenye blogu.

Halafu ankara. Nilikuwa na tabia mbaya ya kulimbikiza, natuma ankara moja kwa miezi miwili. Nikatuma zote, kila moja na orodha ya makala na tarehe zilipochapishwa, nikasubiri zilipwe. Zililipwa zote isipokuwa ya mwezi wa mwisho.

Barua ndiyo iliyonisumbua kuliko yote. Rasimu ya kwanza ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Ilikuwa na Panda, ilikuwa na gesi ya klorini, ilikuwa na ibara ya 6bis, ilikuwa na kila kitu isipokuwa tarehe ya kuondoka. Niliisoma asubuhi nikacheka. Rasimu ya pili ilikuwa ya huzuni, inawashukuru watu nisiowajua kwa mambo wasiyoyafanya. Ya tatu ndiyo niliyotuma:

"Ndugu Meneja, naomba kukujulisha kwamba nitaacha kuiandikia blogu baada ya siku 14 kuanzia leo. Makala tatu nilizokwishapangiwa nitazikamilisha kabla ya tarehe hiyo, na sitapokea nyingine. Ankara ya mwisho nitaituma siku nitakayowasilisha makala ya tatu. Naomba makala nilizoandika ziendelee kubeba jina langu iwapo tu hazijabadilishwa maana. Zitakazobadilishwa, naomba jina liondolewe. Nashukuru kwa kazi tuliyofanya pamoja."

Sababu sikutaja. Walishazisikia. Na usitukane wakunga na uzazi ungalipo: dunia ya waandishi ni ndogo, meneja huyo leo yuko hapa, kesho yuko kwa mteja wangu mpya.

Niliituma saa nne asubuhi. Saa tano kasorobo, nenosiri langu halikufanya kazi tena. Hakukuwa na ugomvi, nadhani ndiyo taratibu yao tu, lakini ningekuwa nimeacha kuhifadhi nakala kwa ajili ya "wiki ya mwisho", ningezikosa. Makala tatu nilizimalizia kwenye faili la kawaida nikazituma kwa barua pepe.

Jibu la meneja lilikuwa fupi na la heshima. Akanitakia heri. Kuhusu jina, akasema wataona.

Ankara ya mwisho ilichukua siku 47. Niliikumbushia siku ya 15, siku ya 30 na siku ya 40, kila mara kwa maneno yaleyale, nikiambatanisha ankara ileile na kuongeza tu idadi ya siku zilizopita. Safari ya tatu nikaiandikia idara ya hesabu moja kwa moja, na mtu wa huko akanieleza kwamba ankara haikuwahi kumfikia. Akailipa wiki iliyofuata. Laiti ningeomba anwani yake siku ya kwanza. Wa kuulizwa alikuwa mhariri wangu wa zamani, alipokuwa bado yupo.

Miezi michache baadaye nilipitia makala zangu. Viungo vingi vilikuwa vimekufa, vinaleta 404, kwa kuwa walibadilisha mpangilio wa tovuti. Zilizobaki zimeandikwa na "Timu ya Wahariri". Ile ya madoa bado ipo, na onyo bado lipo mwishoni. Niliangalia mara mbili.

Kisha yule mhariri wangu akanitafuta. Alikuwa ameanzisha jarida dogo la mtandaoni na wenzake wawili, akaniuliza kama ningependa kuandika. Nilimjibu ndiyo kabla hata sijamaliza kusoma ujumbe, na chini ya hiyo ndiyo nikaambatanisha ukurasa mmoja: malipo na siku za kulipa, hakimiliki, jina, mabadiliko yanayogusa maana, notisi ya pande zote mbili, na nani atashika nafasi yake akiondoka.

"Hata mimi?" akaandika.

"Wewe hasa, dada."

Alirudisha ukurasa kesho yake ukiwa na saini, na kosa moja la tahajia kwenye kipengele cha tatu likiwa limesahihishwa.