Siku ya Kusoma Miti, Jebel Akhdar

Aprili 2009 ami yangu alinichukua kupanda Jebel Akhdar, katika safu ya milima ya Hajar, Oman. Kwenye kizuizi cha Birkat al-Mawz askari aliinama kuhakikisha gari linavuta kwa magurudumu yote manne. Gari lisilo na gia nzito hushuka mlima ule kwa breki tupu, na breki zikishapata moto hazishiki tena.

"Usiniulize tumefika mita ngapi," ami alisema, kwa Kiswahili chake cha Unguja. "Tazama miti, mwanangu."

Chini kulikuwa na migunga na mikunazi, iliyokatwa sawasawa chini ya matawi pale mbuzi wanapoweza kufikia. Tulivyopanda ikapotea, ukaja mti wa miiba wanaouita but, kisha mizeituni mwitu, ileile inayoota nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Kila mita 1,000 joto hupungua nyuzi kama 6. Uwanda wa Saiq, karibu mita 2,000 juu, tulizima kiyoyozi tukafungua vioo.

Saiq hupata mvua kama milimita 300 kwa mwaka, mara tatu ya Muscat. Hata hivyo juu pakavu. Jabali ni la chokaa, liliwahi kuwa sakafu ya bahari, na lina nyufa: maji humezwa mara moja, yakazama mpaka yakute tabaka lisilopitisha maji, ndipo yatokee ubavuni. Vijiji vimejengwa hapohapo yanapotokea. Al Ayn jina lake tu ni chemchemi. Mfereji wa falaj, mwembamba hata unaruka kwa hatua moja, huyashusha kwenye mashamba ya ngazi ya mawaridi na mikomamanga, na zamu ya maji hupimwa kwa athar, kipimo cha nusu saa hivi. Tulimkuta mkulima akifungua njia ya maji kwa kuondoa jiwe na tambara tu.

Juu zaidi, kupita mita 2,200, ndipo tulipokuta alan, ndugu wa mtarakwa wetu. Gome lilibanduka kwa nyuzi ndefu. Nilipofikicha kijiti kilinukia penseli mpya. Mingi ya mwanzo ilikuwa imekauka vilele, lakini kadiri tulivyopanda ndivyo ilivyozidi kunawiri.

Nilitafuta miche kwenye mawe ya wazi, nikazunguka muda mrefu bure. Ami akanipeleka kwenye ufa chini ya mti mzee, upande wa kaskazini. Pale palikuwa na mche mmoja, urefu wa kidole, umesimama kwenye majani yaliyooza. Juani mche huchomwa na kiangazi chake cha kwanza. Ukipona jua, mbuzi na punda wa porini wanaungoja.

Ami akatafuta jiwe bapa, akalisimamisha upande wa kusini wa mche, akalitikisa kuona kama litakaa. Halikukaa. Akalichimbia.