Nilivyojifunza kusikia redio ya zimamoto Maryland, na usiku niliofungulia maji kabla sijaambiwa

Watu wakisikia fulani yuko faya Marekani wanajua moja kwa moja ameajiriwa, ana mshahara na bima na pensheni, sasa mimi hapana, mimi ni wa kujitolea. Mchana nipo ghala la vifurushi nabeba maboksi, Jumanne na Jumamosi usiku nalala kituoni, na hakuna senti inayoingia. Dada yangu ndo niliyefikia kwake, siku namwambia alikuwa anakaanga samaki, akazima jiko kabisa. "Yani mdogo wangu, umeshinda loti ya green card, tumechangishana nauli ukoo mzima, umekuja kufanya kazi ya bure?" Shemeji akacheka mpaka akatoka nje.

Ni kaunti ya Prince George's, imepakana na Washington DC, ni miji midogo midogo imeshikana, maapatimenti, nyumba za mbao, barabara kubwa. Zimamoto ya huku imechanganyika, kuna waajiriwa na kuna wa kujitolea, na hata ukichukua Marekani nzima zaidi ya nusu ya wazimamoto hawalipwi, ni mambo ya zamani toka Benjamin Franklin na wenzake waanzishe kikundi chao Philadelphia mwaka 1736. Mimi nilikuwa sijui, nilidhani yule jirani aliyeniambia ananitania.

Kwa nini niliingia, ntasema kwa kifupi maana siyo kitu napenda kukizungumzia. Mimi ni mtu wa Moro, yani Morogoro, Tanzania. Agosti 2019 lile lori la mafuta lilipoanguka Msamvu likalipuka, watu mia hivi wakafariki, mimi nilikuwa mjini nasubiri tarehe ya safari. Basi nilikuja huku na kitu kifuani. Korona ikapita, 2021 madarasa yakafunguliwa nikajaza fomu, wakachunguza rekodi za polisi, nikapimwa afya, nikapewa buti zilizovaliwa na watu watatu kabla yangu.

Mafunzo ni ya chuo cha zimamoto kilicho chini ya University of Maryland, ukishakuwa mwanachama wa kituo hulipi kitu. Masaa mia na kitu, jioni na wikiendi. Mwili haukunisumbua sana, nilishabeba magunia Kariakoo enzi nasoma Dar, kwa hiyo zile nguo na mtungi wa hewa kilo ishirini na kitu nilizoea. Kile king'ora cha kwenye mtungi kinacholia ukikaa bila kutikisika nusu dakika nacho nilizoea, mwanzo kinakutoa roho kweli. Kutambaa umezibwa macho na maski unatafuta mdoli kwenye chumba chenye moshi wa bandia nilizoea vilevile. Kitu kimoja kilinishinda, na hakuna aliyenitahadharisha nacho: redio.

Kiingereza nakijua jamani, nimesoma nacho, nafanya nacho kazi. Ila redio ya faya siyo Kiingereza, ni mtu anaongea amebana pua ndani ya pipa huku king'ora kinalia na injini inanguruma. Usiku wa kwanza kituoni taa zikawaka zenyewe, spika ikapiga mlio, dispacha, yule anayetuma magari kwa redio, akasema sentensi moja ndefu haina hata koma, wenzangu wote wameshavaa wapo kwenye gari na mimi bado natafuta amesema nini. Fifteen na fifty kwenye redio ni mapacha. Alafu mitaa ya huku ina namba, Hyattsville kwa mfano kuna 42nd Avenue na kuna 42nd Place, ni mitaa miwili tofauti, ukikosea hapo umepeleka gari la tani ishirini kwa watu waliolala zao salama.

Nikafanya kosa wanalofanya wageni wengi, nikawa naitikia. Kapteni ananiuliza umesikia? Nimesikia. Kumbe sijasikia kitu, naangalia wenzangu wanachofanya na mimi nafanya. Kuficha hivyo unaweza miezi miwili mitatu.

Sasa kabla sijafika kwenye lile balaa, kuna hesabu lazima uielewe, na hii ndo ilinifanya niwaombe radhi kimoyomoyo faya wa nyumbani. Huku ukiita kila gari la zimamoto jina moja wanakurekebisha mpaka unachoka. Kuna injini, hiyo ndo ina pampu na mipira na maji, na kuna gari la ngazi, lile wanapandia juu, wanavunja milango, wanatafuta watu. Injini nyingi zina tenki la galoni 500, kama lita 1,900 hivi. Mpira mmoja wa kuingia nao ndani unaweza kumwaga galoni 150 kwa dakika. Gawanya mwenyewe. Ni dakika tatu na kidogo tenki limekauka. Miaka yote tumekaa Tanzania tunasema faya wamekuja hawana maji, wengine wanawapopoa mawe, na wala sikuwahi kujiuliza tenki linakaa muda gani. Wanaweza wakaja nalo limejaa likaisha umesimama hapo hapo unarekodi na simu. Kinachozima moto mkubwa ni bomba la barabarani, haidranti, ukiwa na gari zuri halafu hakuna haidranti karibu umebaki na mapambo tu.

Kwa hiyo injini ikikaribia kwenye moto inasimama kwenye haidranti, mtu mmoja anaruka chini na spana, anavuta ncha ya ule mpira mkubwa wa inchi 4, anauzungushia kwenye haidranti, gari linaondoka huku mpira unajimwaga nyuma yake barabarani. Yule mtu anabaki peke yake. Anaunga, anasubiri. Dereva akifika mbele anakata mpira kwenye kiungo, anauchomeka kwenye pampu, ndo anaita redioni maji yaje. Kwa lugha yao kujaza maji kwenye mpira ni kuchaji, kama simu vile. Mgeni kituoni ndo anapewa haidranti, kazi inaonekana rahisi.

Ilikuwa moshi apatimenti ghorofa ya pili. Nikaruka, nikaunga vizuri kabisa, nikafurahi, nimesimama mkono kwenye spana. Redio kelele tupu, watu wanne wanaongea, nikasikia "chaji". Nikazungusha mpaka mwisho.

Aliyesema chaji hakuwa dereva wangu. Alikuwa yule jamaa wa juu ghorofani anaomba maji kwenye mpira wake mdogo, ambayo yanatoka kwenye tenki, mimi hayanihusu hata kidogo. Mpira wangu mwingi ulikuwa bado umekunjwa kitandani mwake, pale unapopangwa nyuma ya gari, dereva hajaukata. Maji yakaenda yote mule. Mnajua chapati inavyovimba ukiigeuza? Ndo ule mpira, ukavimba ukajikaza ukainuka juu ya gari, vipande vingine vikachomoka vikaangukia barabarani kama chatu kashiba, dereva anapiga kelele redioni funga funga na mimi hata hiyo funga nimeisikia mara ya tatu. Bahati ya Mungu moshi wenyewe ulikuwa sufuria la maharage limesahaulika jikoni. Lingekuwa moto wa kweli maji ya tenki yanaisha na ya haidranti yamekwama kwenye kitanda cha gari, na watu wako juu.

Kuutoa ule mpira ilichukua zaidi ya saa nzima, na hakuna aliyeongea na mimi. Nilipofika nyumbani asubuhi nikakaa kwenye gari parking nikawa najaribu kuandika meseji ya kujitoa.

Sikuituma, kwa sababu chifu mmoja mzee, wa kujitolea vilevile, mchana anafundisha shule, alinipigia kabla. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu, "Dogo, uliposikia lile neno, ulisikia namba ya gari?" Nikasema ukweli kwa mara ya kwanza, nikamwambia chifu mimi huwa nasikia neno moja katika matano. Akanyamaza kidogo. Akasema basi tuanzie hapo.

Dawa yenyewe lakini niliipata kwa njia ya ajabu. Kuna app za kusikiliza redio za zimamoto, nikawa nasikiliza kwenye basi naenda kazini, wiki mbili sielewi kitu. Siku moja nimechoka nikaanza kukumbuka makonda wa daladala. Mtu anatokea bara kwa mara ya kwanza akisimama kituoni Buguruni akamsikia konda "gomzigomzigomz", yani Gongo la Mboto, hawezi kuelewa hata umpe siku mbili, sisi tunaelewa. Kwa nini? Siyo kwamba masikio yetu ni makali. Tunajua ile barabara inakwenda wapi, na tunajua konda anaweza kusema vitu vitano tu, anataja mwisho wa safari, anataja anapopitia, basi. Tunamuelewa kwa sababu tulishajua atasema nini kabla hajafungua mdomo.

Nikatoa daftari. Dispacha naye kumbe ni konda. Kila mara mpangilio ni uleule: mlio wa kituo, namba za magari, namba ya boksi, anuani, mtaa unaokatiza, kuna tatizo gani, chaneli ya kuhamia, alafu anarudia. Hiyo boksi nayo ilinisumbua, boksi gani? Zamani mitaani kulikuwa na visanduku vya kuitia zimamoto kwa waya wa telegrafu, Boston ndo walianza 1852, kila kisanduku namba yake. Simu zikaja, mwaka 1968 ikaja 911, namba ya simu ya dharura, visanduku sehemu nyingi vikang'olewa, namba ikabaki kuwa jina la eneo. Nikachora jedwali la safu saba, nikawa nikisikia kitu nakiweka kwenye safu yake, nisichosikia naacha wazi, mara ya pili anaporudia namalizia. Wiki ya kwanza safu tatu. Mwezi ukaisha najaza sita.

Ila safu ya mtaa haikujaa mpaka nilipofanya kitu cha pili, nikanunua baiskeli ya mtumba dola 40 nikawa nazunguka eneo letu kila Jumapili baada ya misa. Nachora mwenyewe kwa mkono. Haidranti iko wapi, imeangalia upande gani, mitaa ipi haina njia ya kutokea. Watu walikuwa wananiangalia vibaya, mtu mweusi amesimama mbele ya nyumba za watu anaandika kwenye daftari, siku moja mama mmoja alitoka akaniuliza natafuta nini, nikamwonyesha fulana ya kituo, akaenda kuniletea maji. Baada ya miezi minne dispacha akitaja mtaa sisikii herufi tena, naona kona ina kanisa na mti ulioinama.

Upande wa kuongea ulikuwa na shida yake. Ukipotea ndani ya moto unatakiwa kuita Mayday mara tatu, useme uko wapi, uko gari gani, wewe nani, ulikuwa unafanya nini, unahitaji nini. Jina langu la ukoo lina silabi tano na lafudhi yangu ni ya Moro haswa. Nilifanya mazoezi peke yangu nikiendesha gari, madirisha nimefunga, sauti taratibu maana ukiharakisha ndo lafudhi inazidi. Shemeji alinifuma siku moja kwenye parking napiga kelele Mayday, aliingia ndani akamwambia dada mdogo wako anahitaji maombi.

Januari mwaka uliofuata, saa tisa usiku, mlio. Namba yetu, boksi, anuani, nyumba inawaka kuanzia besimenti. Ndani ya gari dereva akauliza kwa sauti, Avenue au Place? Nikajibu Place, kushoto baada ya kanisa, haidranti iko kulia nyuma ya michongoma. Akageuka kuniangalia nusu sekunde.

Michongoma ilikuwa na barafu. Nikaruka, nikapenya, nikazungusha mpira, gari likaondoka na mimi nikabaki na giza langu. Nyumba za mbao zinavyowaka kuna mlio fulani hivi kama mvua ya mabati, niliusikia toka pale. Nikaunga, mkono kwenye spana. Redioni mtu akasema chaji. Sikutikisika. Sekunde kadhaa mwingine tena, chaji, namba siyo yetu. Mkono unatetemeka, sijui ni baridi sijui ni nini, nahesabu zile dakika tatu za tenki kichwani na kila sekunde inanivuta nifungue. Alafu sauti ya dereva wangu, namba yetu, haidranti yetu, chaji.

Nikafungua taratibu. Mpira ukaanza kuvimba miguuni kwangu, ukaenda unajinyoosha barabarani, ukakata kona, sikuuona tena ila nilisikia pampu mbele inabadilisha mlio. Familia ilishatoka yote, walikuwa wamekaa kwenye gari la jirani, bibi yao amevaa kandambili kwenye theluji. Asubuhi kituoni dereva alinisukumia kikombe cha kahawa mezani bila neno, nikanywa, kwa kweli ilikuwa mbaya sana ile kahawa.

Saivi kituoni tumempata kijana wa miaka kumi na tisa, wazazi wake ni wa El Salvador, huku wapo wengi. Kapteni akimuuliza umesikia anajibu haraka mno nimesikia. Jumamosi iliyopita nikamwambia lete baiskeli. Yeye anaandika kwa Kispanyola mimi kwa Kiswahili, tulizunguka mpaka saa nane mchana, haidranti 31, moja imezibwa na gari bovu la mtu halina hata namba, tumeripoti.