Nilivyookoa daftari la korosho kwenye diski iliyogoma kuwaka

Aisee hii ya msimu wa korosho uliopita naiandika kabla sijaisahau, maana watu wanapoteza data zao kwa haraka tu. Mama mmoja katibu wa chama cha msingi alishuka kutoka Tandahimba mpaka kibandani kwangu Magomeni, Mtwara mjini, laptop ya ofisi kaiviringisha kwenye kanga. Shikamoo yangu hata hajaiitikia vizuri akaniambia mwanangu, jana naingiza kilo za watu kwenye daftari la korosho umeme ukakatika na mpaka sasa haiwaki. Betri ilishakufa zamani, kwa hiyo umeme ukikata na yenyewe inazima hapohapo.

Nikaiwasha. Ubuntu, mfumo unaoendesha laptop hiyo, ikajikongoja kidogo halafu ikaleta maandishi meupe kwamba UUID ya diski, yaani namba yake ya utambulisho, haipo, chini yake initramfs, kile kimfumo cha kuanzia kabla Ubuntu haijawaka, inasubiri niandike kitu. Nikasogeza sikio, diski inagonga tk, tk, inanyamaza, inagonga tena. Hapo nikajua tatizo sio faili sistimu, ule mpangilio wa faili kwenye diski, peke yake.

Wengi wakifika hapa wanakimbilia fsck -y, amri ya kurekebisha faili sistimu, hiyo -y inajijibia ndiyo kila swali. Mimi nilishafanya hivyo kwa diski ya jamaa wa Lindi, ilikuwa inakufa, fsck ikaandika juu ya diski mbovu na picha zake zikapotea moja kwa moja, mpaka leo inaniuma. fsck kazi yake ni kuweka mpangilio wa faili sistimu sawa, sio kukulindia faili zako, kitu ikikiona hakieleweki inaweza kukikata.

Basi nikabutu, yaani nikaiwasha, na flashi ya Ubuntu laivu, inayowaka kutoka kwenye flashi yenyewe, nikapiga smartctl -a /dev/sda, amri ya kupima afya ya diski, Current_Pending_Sector inasoma 24. Yaani kuna sekta, vipande vidogo vya diski, ambazo diski inashindwa kuzisoma. Nikachomeka diski ya nje ya TB 1, nikaingia ndani yake ndo nikaandika ddrescue -d -r3 /dev/sda2 picha.img ramani.map. ddrescue inakopi diski mbovu: sda2 ni patisheni, yaani sehemu ya diski yenye faili, picha.img ni kopi yake, na ramani.map inaandika imefika wapi. Hiyo ramani iweke kwenye diski ya nje, usiiache kwenye laivu, kwa sababu laivu inaishi kwenye RAM, kumbukumbu inayofutika umeme ukikata. Mimi usiku saa tano umeme ulikatika tena, kila kitu kikazima, uliporudi nikabutu upya nikarudia amri ileile na ddrescue ikaendelea pale ilipoishia. Bila ramani ningeanza mwanzo na diski yenyewe ndo inakata roho.

Asubuhi kopi imekamilika, zimebaki sekta chache tu hazijasomeka, ila bahati mbaya nyingine ziko mwanzoni mwa patisheni na superbloku, yenye maelezo makuu ya faili sistimu, ndo inakaa huko. Nikakopi picha.img mara ya pili, nikafanyia kazi ile kopi, ya kwanza siigusi. e2fsck, ile fsck ya ext4, ikakataa, inasema Bad magic number in super-block, yaani superbloku haieleweki. Usiogope hapo, ext4, aina ya faili sistimu ya laptop hiyo, inaweka kopi za superbloku sehemu nyingine. mke2fs -n ikanionyesha ziko bloku 32768, 98304, 163840 na kuendelea, na hiyo -n usiisahau kabisa, ukiisahau unaformati. Nikapiga e2fsck -f -b 32768 -B 4096 kwenye kopi, ikauliza maswali mengi nikaisomea moja moja, ikarekebisha.

Nikaimaunti, yaani nikaifungua kama diski, kwa kusoma tu, -o ro,loop. Folda ya mama tupu! Moyo ukashtuka. Nikaenda lost+found, kule fsck inatupia faili zilizopotezana na folda zake, hazina majina, zina alama ya reli (#) na namba ya inodi tu, ile namba faili sistimu inayoitambulia faili. Amri ya file ndo inakwambia kila moja ni nini, hii picha, hii PDF, hii OpenDocument Spreadsheet, jedwali kama la Excel. Nikaifungua hiyo. Safu ya majina, safu ya kilo, safu ya namba ya stakabadhi.

Mama alikuwa kakaa kwenye benchi toka saa moja. Akasogea, akashusha kidole taratibu kwenye skrini mpaka jina la mwisho, akasema huyu ndo nilikuwa namwandika umeme ulivyokata, kilo zake bado sijaweka.

Nikamfungia SSD mpya na betri, daftari nikamwekea na kwenye flashi. Flashi akaifunga kwenye pindo la kanga akawahi gari ya Tandahimba.