Fimbo ya kusukumia mpira shimoni
Nilipoanza gofu hapa Lubumbashi, niliazima fimbo ya kusukumia yenye kichwa kipana, na kwa miezi mingi mipira yangu ilipita kando ya shimo, kwa kuwa mikono yangu huchora upinde, ilhali fimbo ile ilimfaa zaidi mchezaji anayesukuma kwa mstari ulionyooka. Kipimo chake ni hiki: ilaze fimbo juu ya kidole mpaka itulie, uso wa kichwa, yaani upande unaogonga mpira, ukitazama mbinguni, ni ya mstari, lakini ncha ya kichwa ikining'inia, ni ya upinde. Urefu nao, ambao mara nyingi huwa kati ya sentimita 84 na 89, usiudharau, maana ukiinama macho yanapaswa kukaribia kuwa juu ya mpira. Yangu ya sasa ina kichwa chembamba, nami naipenda kwa dhati.