Sharubati ya Idi bila sukari: jagi moja kwa nyumba nzima

Nyumbani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, asubuhi ya Idi haijatimia mpaka jagi la sharubati litolewe kwenye friji na kuwekwa juu ya sinia, pamoja na gilasi ndogo zenye maua ambazo hazitoki kabatini siku nyingine yoyote. Wanaume wakisharejea kutoka kusali, na wageni wakianza kupanda ngazi kuja kutoa mkono wa Idi, kila anayeketi hupewa gilasi kabla hajamaliza kuulizwa habari za watoto. Nazungumzia sharubati ya maziwa, si ile ya ukwaju wala ya ndimu: maziwa mazito ya rangi ya manjano au ya waridi, yenye harufu ya hiliki na zafarani, yenye lozi na zabibu kavu zinazozama chini na tukmaria zinazoelea juu, kila mbegu ndani ya tone lake la ute.

Miaka mitatu iliyopita Mama aligunduliwa kuwa na kisukari. Idi iliyofuata aliketi kwenye kiti chake cha siku zote, akawamiminia wageni wote sharubati kwa mkono wake, kisha yeye akashika gilasi ya maji. Hakulalamika hata kidogo, lakini karibu kila aliyeingia alimuuliza, “Mbona wewe hunywi?” na kila mara ilimlazimu aeleze ugonjwa wake upya, mbele ya watu, katika siku ya furaha. Nililiona jambo lile asubuhi nzima na likanikaa moyoni kwa muda mrefu.

Ingekuwa rahisi kumtengenezea kinywaji chake peke yake. Sikutaka. Gilasi ya pembeni, hata ikiwa tamu namna gani, bado inamtenga mtu na wenzake, na swali la wageni lingebaki lile lile. Nilichokitaka ni sharubati moja katika jagi moja, ambayo mgeni asiyejua lolote angeinywa na kuomba nyingine, na ambayo Mama angeinywa bila ya kujipimia hesabu kichwani.

Hesabu hiyo niliifanya mimi. Sharubati yetu ya zamani ilikuwa na lita 2 za maziwa, kopo moja la maziwa mazito yenye sukari, gramu 100 za sukari juu yake, vijiko vinne vya unga wa kastadi, na konzi moja ya zabibu kavu. Kopo lile la gramu 397 peke yake lina zaidi ya gramu 200 za sukari, ikiwemo ile ya asili ya maziwa. Ukijumlisha kila kitu na kukigawa katika gilasi kumi na mbili, kila gilasi inabeba takriban gramu 40 za wanga na sukari kwa pamoja, na zaidi ya nusu yake ni sukari ya kuongezwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linasema ni vyema zaidi mtu mzima asizidishe takriban gramu 25 za sukari ya aina hiyo kwa siku. Basi gilasi moja ilikuwa inakaribia kuimaliza siku nzima, na hakuna mtu wa Mombasa anayeingia nyumba moja tu siku ya Idi.

Jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa lile la kastadi. Maisha yangu yote niliamini kwamba unga ule wa njano ndio asili ya uzito wa sharubati, na kwamba bila ya huo hakuna sharubati. Kumbe unga wenyewe ni wanga wa mahindi uliotiwa rangi na vanila. Ulibuniwa mwaka 1837 na Alfred Bird, mwuza dawa wa mji wa Birmingham, kwa sababu mkewe alikuwa akidhurika na mayai, na kastadi ya asili hutengenezwa kwa viini vya mayai. Nilipolijua hilo, njia ilifunguka: kama unga uliingia mahali pa kiini, basi kiini kinaweza kurudishwa mahali pake, na kiini kimoja hakifiki hata gramu moja ya wanga.

Majaribio ya kwanza hayakufaulu, na nayaeleza ili mwenzangu asiyarudie. Kwanza niliondoa sukari tu na kuacha mengine kama yalivyo, nikapata kinywaji kizito kisicho na ladha yoyote, kinachokwama kooni. Kisha nilijaribu tui zito la nazi mahali pa maziwa yote. Tui lina wanga mchache na ni kitu chetu, lakini lilipochemka lilikatika, mafuta yakapanda juu, na hata nilipolituliza moto harufu yake iliifunika zafarani kabisa; lilikuwa tui tamu, halikuwa sharubati. Mara ya tatu nilitia viini moja kwa moja ndani ya maziwa yanayotokota, vikaganda vipande vipande kama mayai ya kuvuruga, na sufuria nzima ikaharibika.

Kilichofaulu ni lozi na viini pamoja. Loweka gramu 100 za lozi usiku kucha; asubuhi ukizibana kwa vidole maganda yanateleza yenyewe. Zisage kwenye blenda pamoja na mililita 750 za maji mpaka ukisugua tone moja baina ya vidole usihisi chembe. Usichuje, kwa sababu zile lozi zilizosagika ndizo zinazochukua nafasi ya wanga wa mahindi. Changanya na mililita 750 za maziwa freshi ya ng’ombe, tia hiliki, injika kwenye moto mdogo na ukoroge kwa dakika tano baada ya kuanza kuchemka. Mimi hutumia punje nane za hiliki, nikizimenya na kuzitwanga kwenye kinu saa ile ile, maana hiliki iliyokaa kwenye chupa tangu Ramadhani iliyopita haina tena cha kutoa, na katika kinywaji kisicho na sukari harufu ndiyo inayofanya kazi yote.

Sasa ndipo pa kuwa na subira. Epua sufuria na uiache itulie kiasi. Piga viini sita kwenye bakuli, kisha chota upawa mmoja wa maziwa ya moto na uyamimine juu ya viini kwa uzi mwembamba, huku mkono wa pili haupumziki kukoroga. Ongeza upawa wa pili, na wa tatu. Viini vikishapata joto polepole namna hiyo havigandi kwa ghafla, na unaweza kuvirudisha vyote sufuriani. Weka sufuria kwenye moto mdogo kabisa, koroga kwa mwiko ukigusa chini na pembeni, wala usiruhusu kichemke. Kwanza utaona povu dogo la juu linaanza kupotea. Kisha mwiko unaanza kuhisi uzito. Nyanyua mwiko, geuza mgongo wake, upitishe kidole katikati: ikiwa mstari unabaki wazi na kingo zake haziteremki, imeiva. Ikiwa maziwa yanaufunika mstari, endelea dakika moja tena. Epua mara moja na umimine katika chombo baridi, kwa sababu sufuria yenye moto huendelea kupika hata jiko likiwa limezimwa.

Ikiisha kupoa tia mililita 100 za malai au krimu nzito isiyotiwa sukari, zafarani iliyolowekwa kwenye maziwa ya vuguvugu kwa dakika ishirini, vanila kijiko kimoja cha chai, kungumanga ya kukwaruzwa, kijiko kimoja cha maji ya waridi, na chumvi kidogo sana, ile inayoshikika kwa ncha za vidole viwili. Chumvi na vanila si mapambo. Vyote viwili huufanya ulimi uuhisi utamu kuliko uliopo, na ndiyo maana kitamu, yaani kile kinachotiwa mahali pa sukari, unaweza kukitia kidogo kuliko unavyodhani. Vile vile baridi kali huficha utamu, kwa hiyo jagi letu sasa hutolewa kwenye friji robo saa kabla ya wageni, wala halitiwi barafu.

Kuhusu kitamu chenyewe nilisita sana. Erithritoli inasifiwa na wengi kwa kuwa haipandishi sukari ya damu, lakini katika kinywaji baridi hurudi kuwa chembechembe na huacha ubaridi wa ajabu mdomoni. Zaidi ya hapo, utafiti uliochapishwa mwaka 2023 uliihusisha na hatari ya kuganda kwa damu na maradhi ya moyo. Utafiti huo haukumaliza mjadala, ila mimi sikuona sababu ya kumpa mtu wa umri wa Mama kitu kinachojadiliwa. Nilichagua stevia, ambayo hutokana na majani ya mmea wenye asili ya Paraguay na ambayo utamu wake ni zaidi ya mara 200 ya sukari. Ukitia nyingi huleta uchungu nyuma ya ulimi; ukianza na ncha ya kijiko na kuonja kila mara, zafarani na kungumanga huufunika. Tafadhali soma maandishi ya pakiti kwanza. Pakiti nyingi zinazoandikwa stevia kwa herufi kubwa zimejazwa dekstrosi au maltodekstrini, na hivyo vyote viwili hupandisha sukari ya damu.

Zabibu kavu niliziondoa, kwa kuwa karibu gramu 80 katika kila gramu 100 zake ni wanga, na nyingi ya hizo ni sukari. Mahali pake natia gramu 30 za pistachio zilizokatwakatwa. Tukmaria zimebaki kama zilivyokuwa: vijiko viwili, zilowekwe kwenye maji kwa robo saa mpaka zivae ute wao, kisha zitiwe kwenye jagi mwisho kabisa. Sehemu kubwa ya wanga wake ni nyuzinyuzi, na katika sharubati hii zinasaidia hata uzito.

Kwa hesabu yangu jagi hili linatoa gilasi tisa, kila moja ikiwa na karibu gramu 6 za wanga na sukari, nyingi yake ikiwa sukari ya asili ya maziwa ambayo sikutaka kuiondoa, maana bila ya maziwa ya kweli kinywaji kinapoteza jina. Mafuta bado yamo, ya lozi na ya malai na ya viini, na gilasi moja si nyepesi hata kidogo tumboni. Kwa hiyo nisieleweke kwamba nimeandika kinywaji cha kupunguza mwili. Nimeandika kinywaji kisichoipandisha sukari kwa kishindo.

Idi tuliyoitoa kwa mara ya kwanza sikumwambia mgeni yeyote. Mama alimimina, akagawa, kisha akajimiminia na yeye. Shangazi yangu, ambaye hakuna mtu katika ukoo wetu anayemshinda kwa kuchagua chakula, alikunywa nusu, akatazama ndani ya gilasi, akasema, “Leo mmeacha ule unga. Hii ni kama ya bibi yenu.” Kisha akasukuma gilasi kwenye sinia ijazwe tena. Maneno yake yalinigusa kwa sababu mimi bibi sikumkuta. Saa mbili baadaye Mama alijipima kwa mashine yake ya nyumbani, na tarakimu zilikuwa zimesogea kidogo tu kutoka zile za asubuhi. Huo ni mwili wa mtu mmoja katika siku moja; mwenye kisukari naye ajipime mwenyewe.

Na anayetumia insulini, au vidonge kama glibenklamidi vinavyouchochea mwili kutoa insulini, asipunguze wanga ghafla bila ya kuzungumza na daktari wake, kwa sababu dozi iliyopangwa kwa chakula cha zamani inaweza kuishusha sukari kupita kiasi, na sukari iliyoshuka humwangusha mtu haraka kuliko iliyopanda. Sisi tulikwenda kliniki wiki mbili kabla ya Ramadhani na kuulizia hilo pamoja na suala la funga.

Kwa kuwa ina mayai na maziwa, sharubati hii hukaa kwenye friji siku mbili na si zaidi, na jagi lirudishwe ndani kila baada ya kumimina, hasa miezi ya joto ambapo sebule zetu huwa kama tanuri. Stima ikipotea kwa saa nyingi, imwagwe. Lozi zikijitenga na kutuama chini, koroga kwa kijiko kirefu kabla ya kila mgeni. Mwaka huu tutatengeneza majagi matatu, na Mama amekwishasema kwamba lozi zitanunuliwa Marikiti mapema kabla bei haijapanda, na kwamba hiliki ataitwanga yeye.