Nywele za yule kijana wa marumaru
Jamani leo nimeshinda kutwa kwenye jumba la makumbusho la Met hapa New York, upande wa Wagiriki na Warumi, miguu inauma ila roho kwatuu. Kuna sanamu ya kijana, kouros wanaiita, ya kama mwaka 590 KK, ilisimama juu ya kaburi huko Ugiriki, mguu wa kushoto mbele vile vile walivyochonga Wamisri, nikazunguka nyuma nikakuta nywele zimeshuka kama shanga mpaka mgongoni, kila punje imechongwa, aisee nilisimama tu. Halafu kuna chumba kizima cha kulala kutoka Boscoreale kule Italia, kilifukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79 BK, na ule wekundu ukutani bado unawaka! Mpaka mlinzi akaja kusema tunafunga.