Kumbukumbu ya mradi: picha za milango zinazoiangusha seva

Mradi ni maktaba ya mtandaoni ya milango ya kuchonga ya Mji Mkongwe, Zanzibar. Inaendeshwa na WordPress juu ya Nginx (seva ya wavuti inayopokea maombi) na PHP-FPM (inayoendesha msimbo wa PHP), kwenye seva yenye RAM ya gigabaiti 1. Picha za kawaida zina pikseli 6000 kwa 4000. Milango mikubwa hupigwa vipande vipande kisha vikaunganishwa, na faili moja hufika 12000 kwa 8000.

Kosa 413

Hili, la faili kuzidi ukubwa unaoruhusiwa, ni jepesi. Nginx isipoelekezwa vingine hukataa chochote kinachozidi megabaiti 1, na ombi halifiki hata kwa PHP. Dawa ni `client_max_body_size 32m;`, kisha `nginx -t` kabla ya kuiwasha upya. Upande wa PHP, `upload_max_filesize` huanzia 2M na `post_max_size` 8M. Ya pili lazima iizidi ya kwanza. `post_max_size` ikizidiwa, PHP huitupa fomu nzima, ndiyo maana WordPress huweza kulalamika kwamba kiungo kimeisha muda, jambo lisilofanana kabisa na ukubwa wa picha.

Makosa 500 na 502

Kuongeza viwango hivyo kunalihamisha tatizo tu: sasa huja 500 (hitilafu ndani ya seva) au 502 (Nginx haipati jibu sahihi kutoka kwa PHP). JPEG ya megabaiti 15 ni mzigo uliokunjwa. Ili kuipunguza, seva huikunjua kwanza, na GD, maktaba ya picha ya PHP, hutumia baiti 4 kwa kila pikseli. Pikseli 12000 × 8000 ni milioni 96, yaani megabaiti 384 kabla kijipicha (thumbnail) cha kwanza hakijatengenezwa. Kwa hiyo kubana ubora wa JPEG hadi faili liwe megabaiti 3 hakusaidii kitu: pikseli ni zilezile.

Logi ndiyo inayoamua. Ukiona `Allowed memory size of 268435456 bytes exhausted`, PHP imegonga ukomo wa 256M. Ukikuta 502 na `dmesg` (logi ya kerneli) inaonyesha `Out of memory: Killed process`, ni kerneli, kiini cha mfumo endeshi, iliyoiua PHP, na kupandisha `memory_limit` hapo ni kujichongea. Imagick, maktaba nyingine ya picha, nayo haihesabiwi ndani ya `memory_limit`. Ina mipaka yake kwenye `policy.xml`, na ikizidiwa huandika `cache resources exhausted`.

Tangu toleo 5.3, WordPress hupunguza picha inayozidi pikseli 2560 na kuipa jina lenye `-scaled`. Watu huidhani ni kinga. Si kinga: kazi hiyo inafanyika kwenye seva ileile, baada ya picha kupokelewa.

Kilichowekwa sasa

Picha hupunguzwa kwenye kompyuta kwa mogrify, amri ya ImageMagick, kabla ya kupandishwa:

`mkdir -p tayari`
`mogrify -path tayari -auto-orient -resize '2560x2560>' -quality 82 *.jpg`

Bila `-path`, mogrify huandika juu ya faili asili. Alama `>` huzuia picha ndogo zisivutwe kuwa kubwa, na isipokuwa ndani ya nukuu, shell huidhani ni amri ya kuandika kwenye faili. `-auto-orient` huinyoosha picha iliyolala ubavu. `-strip` imeachwa makusudi, kwa sababu hufuta wasifu wa rangi, na mbao zilizopigwa kwa Adobe RGB hupauka kwenye kivinjari.

Picha ambazo dirisha la kivinjari lilifungwa katikati ya kazi zimebaki bila vijipicha. Hizo zinamalizwa na `wp media regenerate --only-missing`.

Kwa milango mikubwa 2560 haitoshi, maana mtazamaji anataka kuukaribia mnyororo uliochongwa ukingoni. Faili moja kubwa la WebP (muundo wa picha za wavuti) si jibu la kudumu, kwani mwisho wake ni pikseli 16383 kwa upande, na mlango uliounganishwa pamoja na fremu na ukuta unaweza kupita hapo. Picha hizo zinakatwa vigae, yaani vipande vidogo vinavyopakiwa kimoja kimoja, kwa programu ya vips:

`vips dzsave mlango.tif mlango --suffix '.jpg[Q=82]'`

Folda ya vigae inapandishwa kwa rsync (chombo cha kunakili faili) na kuonyeshwa na OpenSeadragon, kitazamaji cha picha kubwa ndani ya kivinjari. PHP haiigusi. Kinachobaki ni kuangalia nafasi ya diski na idadi ya inodi (rekodi moja kwa kila faili kwenye diski), `df -i`, kwa kuwa mlango mmoja huzaa maelfu ya faili ndogondogo.